Nchi Iliyopima Masikio Ili Ijue Meno

Watu wa Ubaini ni wakarimu, ni wasafi, barabara zao hazina shimo hata moja, na hawawezi kumwambia mgeni karibu kabla hawajamtazama masikio.

Daktari Elifuraha Nanyaro hakulijua hilo alipoingia ofisi ya mpakani. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyetibu meno ya watoto wa shule kwa miaka ishirini na miwili. Baraza la Afya la Ubaini lilikuwa limemwita kwa barua yenye mihuri mitatu. Lilimwomba akae siku kumi, asome ripoti yao ya miaka arobaini juu ya kuoza kwa meno ya wanafunzi, na akiridhika aitie sahihi. Sahihi ya mgeni, barua ilisema, ndicho kitu pekee kilichobaki kabla ripoti haijawa sheria.

Aliweka pasipoti mezani. Afisa hakuigusa. Alisimama, akamzunguka taratibu, akainama upande wa kulia, akainama upande wa kushoto, akaguna.

"Mama, masikio yako yananitaabisha."

"Yanasikia vizuri."

"Sina shaka. Ila hili la kulia linaning'inia, na hili la kushoto, mmh, naona kama limegandia shavuni."

Kisha akamweleza, kwa subira ya mtu aliyezoea wageni, kwamba Wabaini ni wa aina mbili tangu nchi ilipokuwa nchi. Kuna Waning'inio, ambao ndewe zao, ile nyama laini ya chini ya sikio, zinaning'inia. Na kuna Wagando, ambao ndewe zao zimeshikana na shavu. Kila fomu nchini huanza na swali hilo. Jina la mtu ni swali la tatu.

"Tusibishane," afisa alisema. "Hebu fungua mdomo."

Daktari Nanyaro alifungua. Meno yake yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, tangu ya mbele hadi ya nyuma.

"Aa! Mgando," afisa akaandika.

"Kwa nini?"

"Meno ya Wagando huoza, Mama. Na haya yameoza."

"Hayajaoza hata moja. Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Maji ya kule yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa meno yake yakiwa bado yanajengeka, yanaota na madoa. Una tochi? Hesabu matundu."

Afisa alikuwa na tochi. Alihesabu meno thelathini na mawili, akarudia, akakosa tundu. Alichukua kifutio.

"Mning'inio, basi. Unisamehe, Mama, lile la kushoto nililiona vibaya. Karibu sana Ubaini."

Daktari Nanyaro alitoa daftari lake dogo akaandika: *Mpakani. Sikio limebadilika bila kutazamwa mara ya pili.*

Jambo hilo halikumkasirisha, lilimkumbusha shule. Aliposoma sekondari mbali na kwao, wasichana wa bweni walimwambia kwamba meno ya kahawia ni ya kabila lake, wamezaliwa nayo. Aliporudi likizo alikagua vinywa vya kijiji kizima kwa kioo cha mama yake. Mtoto wa mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Gujarati, alikuwa na madoa. Binti wa mchungaji wa Kizungu alikuwa na madoa. Waliokosa madoa walikuwa watoto wa nyumba mbili tu, na nyumba hizo mbili ndizo zilizokuwa na matangi ya maji ya mvua. Tangu siku hiyo, kila alipoambiwa jambo fulani ni la damu, aliuliza kwanza watu wanakunywa nini.

*

Mwenyeji wake alikuwa Bwana Matona, Mpima wa Idara ya Masikio, mtu mwembamba mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri na kipimo cha shaba kilichoning'inia kifuani kwa mnyororo. Kipimo hicho kilikuwa na taya mbili kama za kaa na skrubu ya kuzisogeza. Alikisugua kila asubuhi, na kikang'aa.

Bwana Matona aliipenda kazi yake, na aliieleza vizuri. Mji, alisema, uko sehemu mbili. Kilimani wanakaa Waning'inio, Bondeni wanakaa Wagando. Mtoto wa Kilimani ana wastani wa jino moja bovu, na wa Bondeni ana manne. Kwa miaka ishirini mfululizo hakujapatikana hata mtoto mmoja aliyekwenda kinyume.

"Hata mmoja?" Daktari Nanyaro aliuliza.

"Hata mmoja, Daktari."

"Nimefanya kazi hii muda mrefu. Sijawahi kuona hesabu isiyokuwa na hata mmoja."

"Ndiyo maana tulikuita uione," Bwana Matona alijibu kwa furaha.

Sheria iliyongoja sahihi yake iliitwa Sheria ya Ng'oa Mapema. Kwa kuwa meno ya Wagando huoza kwa damu, na kwa kuwa kuziba jino ambalo litaoza tena ni kuharibu muda, kila mtoto Mgando akifika miaka tisa atang'olewa magego yake manne ya kudumu, yale yanayoota mtoto akiwa na miaka sita, kabla hayajaanza kumsumbua. Mning'inio ataendelea kuzibwa kama kawaida. Sheria ingeanza kazi siku ambayo daftari la mwaka lingefungwa, na daftari lilikuwa lifungwe Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Na likichelewa kufungwa?"

"Haliwezi kuchelewa. Kinachoweza kulizuia ni safu isiyotambuliwa na kanuni ikionekana kwenye kurasa zake tu, na safu isiyotambuliwa haijawahi kutokea. Sisi si watu wa ovyo, Daktari."

Mchana wa siku ya pili binti yake aliingia ofisini akirukaruka. Aliitwa Kidawa, alikuwa na miaka tisa na miezi miwili, na mama yake alikuwa amefariki. Alisoma Kilimani asubuhi, kisha kila mchana aliteremka Bondeni, iliko ofisi ya Idara, kumngoja baba yake hadi jioni. Mkononi alikuwa na chupa ya sharubati nyekundu.

"Shikamoo, Mama Daktari. Baba anasema una meno ya ajabu. Naomba niyaone."

"Marahaba. Nionyeshe yako kwanza."

Kidawa alicheka kwa mdomo wazi, na kwa jicho la Daktari Nanyaro kicheko kimoja kilitosha. Alingoja mtoto atoke nje kucheza.

"Bwana Matona, mwanao ana matundu matatu. Mawili kwenye meno ya utoto, moja kwenye gego la kudumu. Yote yanazibika kwa saa moja."

Bwana Matona aliinuka akafunga mlango. Alipogeuka uso ulikuwa umemshuka.

"Una hakika ni matatu?"

"Najua kuhesabu hadi tatu."

"Yangekuwa mawili," alisema kwa sauti ya chini. "Mawili ni bahati mbaya. Matatu ni ushahidi."

Ndipo alipomweleza kile ambacho ripoti haikukieleza, kwa sababu hakuna Mbaini aliyeona kina haja ya kuelezwa. Mning'inio akikutwa na matundu matatu, inajulikana kwamba sikio lake lilipimwa vibaya, na Mpima hulisahihisha. Vivyo hivyo Mgando akikutwa na meno safi. Husahihishwa, hupandishwa Kilimani, na wazazi wake hupewa barua ya pongezi. Ukaguzi wa darasa la Kidawa ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Ijumaa sheria ingeanza. Jumamosi mtoto angekuwa kwenye kiti, na magego manne yangekuwa kwenye bakuli.

"Nani hupima upya sikio?"

"Mimi."

"Basi pima. Linaning'inia; nimeliona."

"Daktari, hujanielewa. Kusahihisha si kupima."

"Ni nini, basi?"

Bwana Matona aliitazama kalamu iliyokuwa mezani. "Ni kuandika," akasema. Kisha akamwomba amzibe mtoto kwa siri, kabla ya Alhamisi.

"Nitamziba, maana yanauma. Lakini haitakusaidia. Kanuni zenu ukurasa wa nne, jino lililozibwa linahesabiwa sawa na lililooza. Ni kanuni nzuri, hata kwetu tunaitumia. Niletee madaftari ya awali."

"Ripoti ipo."

"Ripoti nimeisoma. Nataka madaftari."

*

Siku nne alikaa chumba cha chini cha Idara, akisoma. Madaftari yalitunzwa vizuri mno. Wabaini hawatupi karatasi, na masahihisho yote yaliandikwa kwa wino mwekundu, na tarehe, na sahihi ya Mpima. Hakuna aliyeficha chochote.

Mwaka wa kwanza, kabla desturi ya kusahihisha haijaanza, Bondeni ilikuwa na wanafunzi elfu moja mia mbili sitini, na mia tatu na kumi na wanane kati yao walikuwa Waning'inio: watoto wa wapagazi, walinzi na mafundi, waliokaa bondeni kwa sababu ndiko walikoweza kukaa. Kilimani walikuwapo Wagando tisini na saba, watoto wa wapishi na watunza bustani waliolala nyumba za mabwana wao. Daktari Nanyaro alichora jedwali la vyumba vinne. Wagando wa Bondeni: wastani wa meno manne mabovu. Waning'inio wa Bondeni: manne. Waning'inio wa Kilimani: moja. Wagando wa Kilimani: moja.

Kisha wino mwekundu ukaanza. Mwaka hadi mwaka vyumba viwili vya jedwali vikakauka, hadi mwaka wa ishirini vikawa vitupu. Nchi nzima ilikuwa imewapanga watoto kwa meno yao, ikawaita kwa masikio yao, halafu ikashangaa jinsi meno na masikio yanavyokubaliana.

Siku ya saba alimwambia Bwana Matona ampeleke shule ya Bondeni, akaone watoto wanakunywa nini. Kidawa alifuata.

Uani kulikuwa na mapipa sita ya sharubati, yamepangwa chini ya kivuli, na kila mtoto aliyepita alichota kikombe. Mpishi wa shule, Bi Sihaba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mia, alikuwa anakatakata sukuma wiki.

"Karibu, dada daktari! Na wewe Bwana Mpima, karibu pia, ingawa nikikuona mwiko unaniwasha mkononi." Alimgeukia mgeni. "Huyu bwana amenigawia mapacha wangu kama mkate. Semeni yuko Kilimani, Sijali yuko hapa. Sura moja, sauti moja, nikiwaita gizani mimi mwenyewe nawachanganya. Lakini huyu alisema masikio ni tofauti."

"Yalikuwa meno, Bi Sihaba," Bwana Matona alisema, akijutia neno kabla halijamalizika.

"Ehee! Sema tena, mgeni asikie."

Daktari Nanyaro aliuliza kuhusu mapipa. Bi Sihaba alieleza huku kisu kikiendelea. Zamani Bondeni ilikuwa na visima vitatu vitamu. Kilipokuja kiwanda cha sharubati kilivuta maji mengi, visima vikaingia chumvi. Kiwanda kikaona aibu, kikaanza kuleta mapipa bure. Ni miaka arobaini na moja sasa. Watoto hunywa asubuhi, saa nne, mchana, na wakienda nyumbani hubeba ya jioni.

"Na kliniki ya meno?"

"Ipo. Hufunguliwa Jumanne, saa mbili hadi saa nne. Foleni ikifika nusu, daktari keshapanda Kilimani, kule wako watatu siku zote."

"Na Semeni, kule juu, anakunywa nini?"

"Maji ya chemchemi. Alipopelekwa alikuwa na miaka mitano, meno ya utoto safi. Huyu mwenzake alibaki na mapipa." Bi Sihaba alimtazama Kidawa, ambaye alikuwa amekwisha kuchota kikombe cha pili. "Na huyu mtoto wako, Bwana Mpima, pipa la tatu analimaliza peke yake. Kila siku namwambia, we mtoto, utaota kwato. Anacheka."

Bwana Matona alimnyang'anya binti yake kikombe, akakishika, hakujua akiweke wapi.

*

Baraza lilikaa Jumatano. Desturi yake ni kwamba kila hoja ipingwe kwa adabu, na kwa adabu hiyo limefika mbali.

Profesa wa kwanza alieleza kwamba ndewe iliyogandia shavuni huvuta ngozi ya taya, taya ikabana, mate yakapungua, meno yakaoza. Profesa wa pili alipinga vikali. Aliyemtangulia, alisema, amelipindua jambo: uozo huanzia sikioni, ukateremka. Wawili hao walikuwa wamebishana miaka thelathini, kila mmoja ana jarida lake, na walikubaliana jambo moja tu, kwamba ni sikio. Kisha akasimama mama mmoja wa Chama cha Huruma, akiwa na machozi, akasema Wagando wasilaumiwe kwa walivyozaliwa. Alipendekeza baada ya kung'olewa wapewe uji laini kwa gharama ya serikali. Alipigiwa makofi mengi kuliko wote.

Daktari Nanyaro alipewa dakika kumi, akatumia sita. Alibandika jedwali lake la vyumba vinne ukutani. Alionyesha kwamba walipokaa pamoja, Mgando na Mning'inio walioza meno sawa, na walipokunywa maji ya chemchemi walipona sawa. Alionyesha vyumba viwili vilivyokauka, na wino mwekundu uliovikausha. Alitaja mapipa sita na saa mbili za Jumanne. Hakupandisha sauti.

Mwenyekiti, Mstahiki Barandu, alikuwa mzee mnadhifu aliyesikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Tunamshukuru Daktari," alisema. "Kwa mara ya kwanza tumeonyeshwa kwa takwimu jinsi Idara ya Masikio ilivyoendelea. Mwaka wa kwanza, Bondeni peke yake, tulikosea masikio mia tatu na kumi na manane. Leo hatukosei hata moja."

Ukumbi ulisimama kushangilia. Wapima walipeana mikono.

"Sikusema hivyo," Daktari Nanyaro alisema.

"Takwimu zimesema, Daktari. Sahihi yako, tafadhali."

Alichukua ripoti, akaandika ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa, *Sikubaliani na hitimisho hili*, akaweka jina lake na sahihi, ili kusiwe na shaka ni nani aliyekataa.

Mwanasheria wa Baraza alisoma, akasogeza miwani, akanong'ona na Mwenyekiti.

"Barua ilihitaji sahihi ya mgeni," Mwenyekiti alitangaza. "Sahihi ipo. Sheria imepita. Tunasubiri daftari lifungwe Ijumaa."

*

Jioni Bwana Matona alimkuta kwenye baraza ya nyumba ya wageni, akifunga vifaa. Alibaki amesimama.

"Daktari, nikuombe. Kesho utakuwapo kwenye ukaguzi. Waambie umehesabu mawili. Wewe ni mgeni, wewe ni bingwa, watakusikiliza."

"Wamenisikiliza leo."

"Ni mtoto, Daktari."

"Najua ni mtoto. Ana matatu. Nikisema mawili kesho, keshokutwa nani ataniamini nikisema jedwali ni la kweli? Na wale watoto wa Bondeni, nani atakayewaambia watu kwamba wana mawili?"

Bwana Matona alishika kipimo kilichoning'inia kifuani.

"Naomba kipimo chako," Daktari Nanyaro alisema.

Alimpa. Daktari Nanyaro alijaribu kuzungusha skrubu. Haikuzunguka. Shaba iling'aa kama pete ya harusi, lakini ndani ya nyuzi za skrubu kulikuwa na kutu ya miaka.

"Mara ya mwisho kilifunguka lini?"

"Mwaka nilioajiriwa," Bwana Matona alisema. "Miaka kumi na mmoja. Huwa nakigusisha tu sikioni. Watu hupenda kukiona."

Alimrudishia. "Sitakuomba useme uongo kwa ajili ya mtoto wako, Bwana Matona, na mimi sitausema. Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho. Pima."

*

Alhamisi saa tatu darasa la Kidawa lilipangwa mstari mmoja. Daktari wa shule alikaa kwenye kiti cha chini na kioo chake. Karani alikaa mezani na daftari la mwaka. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Na Daktari Nanyaro alipewa stuli ya watazamaji. Mambo yalikwenda haraka. Tundu moja, sifuri, sifuri, mawili. Semeni, binti wa Bi Sihaba, alipita na sifuri.

"Matundu matatu," daktari wa shule alisema, na mkono ukatulia hewani.

Kidawa alifunga mdomo. Watoto waliokuwa nyuma yake walirudi hatua moja, kama waliosikia harufu. Msichana mmoja alicheka, "Eeh, Kidawa, kumbe wewe ni wa Bondeni!" na Kidawa alishika masikio yake yote mawili kwa mikono.

"Mpima," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole, kwa kuwa alijua mtoto ni wa nani, "sahihisha sikio."

Karani alichovya kalamu kwenye wino mwekundu.

Bwana Matona alipiga magoti mbele ya binti yake. "Toa mikono, mama," alimwambia. Alishika kipimo cha shaba, na darasa lilinukia mafuta ya nazi aliyokitia usiku. Akazungusha skrubu, na skrubu ikazunguka, laini, taya za kipimo zikafunguka, zikaikamata ndewe kama vidole viwili. Hapakuwa na mtu chumbani aliyewahi kuona zikisogea. Watoto waliinua shingo.

"Milimita nane," alisoma. "Linaning'inia."

Karani alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa baba. "Bwana Mpima, matundu ni matatu."

"Nimesikia. Andika matatu."

"Nitaandika wapi? Mning'inio mwenye matatu hana safu."

"Lete rula."

"Bwana Matona," Mwalimu Mkuu alisema, na upole ulikuwa umepungua, "unajua hilo ni daftari la mwaka."

"Najua, Mwalimu. Naomba rula."

Karani, ambaye maisha yake yote alikuwa hajakataa ombi la rula, alimpa. Bwana Matona aliinama juu ya daftari, akapiga mstari kutoka juu ya ukurasa hadi chini, polepole, umenyooka, kwa wino mweusi. Kisha akageuka. "Semeni, rudi hapa." Akampima. "Milimita saba. Nalo linaning'inia. Matundu sifuri. Sahihisho la miaka minne iliyopita, lililomtenga na pacha wake, lilikuwa langu, bila kupima, na dada yake wa Bondeni nitampima mchana wa leo. Na wengine wote niliowahi kuwaandika. Tutaanza na herufi A."

"Safu lazima iwe na kichwa," karani alisema. Kanuni ni kanuni. "Hii inaitwaje?"

Bwana Matona alimtazama Daktari Nanyaro. Daktari Nanyaro alikuwa anatazama mdomo wa Kidawa.

"Andika," Bwana Matona alisema, "*Waliopimwa*."

*

Ijumaa daftari halikufungwa. Safu isiyotambuliwa huundiwa kamati, na kamati ilianza kikao chake cha kwanza kwa kujadili kama mstari wa Bwana Matona ni mnene kupita kiasi. Bi Sihaba aliwapelekea wajumbe chai isiyo na sukari, akawaambia wasiwe na haraka. Bwana Matona alivuliwa cheo, lakini kwa kuwa ndiye Mpima pekee mwenye kipimo kinachofunguka, aliombwa aendelee na kazi hadi apatikane mwingine.

Daktari Nanyaro alimziba Kidawa matundu yote matatu Ijumaa hiyohiyo, kwenye kiti cha ofisi, kwa dakika hamsini na tano. Mtoto alilalamika ganzi imemfanya mdomo mkubwa kama wa kiboko. Kisha daktari akaandika ripoti yake ya ukurasa mmoja: chimbeni kisima kirefu, ondoeni mapipa, fungueni kliniki ya Bondeni siku tano. Neno sikio halikuwamo. Baraza liliipokea kwa heshima, na kwa kuwa halikujua iende wapi, liliipeleka Idara ya Masikio, mezani kwa Bwana Matona.

Mpakani afisa alikuwa yuleyule. Alikuwa na kipimo kipya, bado kina grisi ya kiwandani. Alimpima kulia, akampima kushoto, akajikuna kichwa.

"Tano na nne, Mama. La kulia linaning'inia, la kushoto limegandia."

"Kwa hiyo niandikwe nini?"

"Sijui," afisa alisema. Alitafuta kwenye fomu, hakupata mahali, akafungua droo, akatoa rula.